Mjomba au Ami?

Mimi ni mfasiri, na ugonjwa wa wafasiri ni kusoma riwaya ya watu huku kichwani unaigeuza. Wiki hizi nina mbili mkobani.

Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi niliianzia ndani ya teksi ya Kawempe, foleni imetukamata Bwaise, Kampala. Sikupanga. Nafungua ukurasa wa kwanza: Januari 2004, Bwaise hiyohiyo. Viongozi wa mtaa wanamtoa Kamu nyumbani kwake, na hawajafika mbali kundi la watu linamvamia kwa kelele za mwizi. Anauawa. Nilifunga kitabu, nikatazama nje: mama mmoja anapanga nyanya kwa mafungu, boda zinapenya. Sikuendelea mpaka nilipofika nyumbani.

Kisha hadithi inarudi mwaka 1750, kwa Kintu Kidda na kofi moja linalozaa laana. Kidda alimtaka Nnakato, ikambidi amwoe na pacha wake Babirye. Msomaji wa Kiganda akisikia majina tu anajua wote ni wasichana na Babirye ndiye aliyetangulia. Kurwa na Doto wetu wanakupa nani katangulia, basi. Kama ni wa kike au wa kiume, utauliza. Majina hayo ningeyaacha yalivyo.

Ya pili, Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994, ndiyo inayoninyima usingizi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu baba yake ana deni. Yusuf anadhani anasafiri na mjomba. Au ami, ndugu wa baba? Kiingereza kina neno moja kwa wote wawili, uncle. Khalil, kijana wa dukani, anamrudia kila mara: huyo si mjomba wako, mwite Seyyid, yaani bwana. Kwa hiyo neno lenyewe ndilo Yusuf ananyang'anywa. Nikiandika mjomba, nimemtaja kaka wa mama, mtu wa kumdekea. Jeraha linakuwa kubwa mno, naona. Ami anaweza kuwa hata rafiki wa baba, kwa adabu ya pwani.

Nimeandika "ami" pembeni kwa penseli, na alama ya kuuliza. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022, ninayo, ila sijaifungua makusudi. Iko juu ya friji, na watoto wameshaiwekea kikombe cha chai juu yake.