Fidla ikikwaruza, si lazima mpigaji awe amekosea

Wengi huamini kwamba fidla ikikwaruza au kupiga mluzi katikati ya konseto ya kisasa, yaani utungo wa mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra, mpigaji ameteleza. Kutoipenda sauti hiyo ni halali kabisa. Ila mara nyingi imeandikwa kwenye nota.

Tazama upinde, ule ufito wenye nywele unaosugua nyuzi. Ukisogezwa hadi karibu na daraja, ule ubao mwembamba unaoinua nyuzi nne, sauti ya msingi hufifia na zile za juu hutokeza, kali kama kioo kinachokwaruzwa. Ukikandamizwa sana huku ukienda polepole, uzi hushindwa kutetema sawasawa na kutoa mkoromo. Kuna pia robo toni, zinazoigawa oktava, umbali wa kutoka do moja hadi do inayofuata, mara 24 badala ya 12. Sikio lisilozizoea hudhani nyuzi zimelegea. Unywele wa upinde ukikatika nao si balaa, upinde una zaidi ya 100.

Kuhakiki ni rahisi: sikiliza rekodi mbili za utungo uleule, wapigaji tofauti. Usifuate dakika, maana mwendo hutofautiana. Fuata okestra, ngoma gani imetangulia, filimbi gani imefuata. Mkwaruzo ukitokea mahali palepale kwa wote wawili, karibu kila mara umetoka kwa mtunzi.