Hedhi Ikikoma Kabla ya Miaka 40: Maswali ya Kwenda Nayo kwa Daktari

Ilikuwa Julai, na baridi ya Nairobi mwezi huo mnaijua. Saa kumi na mbili asubuhi, matatu ya kutoka Githurai imejaa watu waliojikunyata ndani ya majaketi, madirisha yote yamefungwa, nami navuta la kwangu lifunguke. Mama aliyekaa nyuma akanigusa bega: "Dada, funga tafadhali, nina mtoto mchanga." Nikafunga. Jasho lilinitiririka kutoka shingoni hadi kiunoni, na blausi ya kazini ikanigandama mgongoni. Nilikuwa na miaka 38, muuguzi mwenye uzoefu wa miaka mingi, na sikuwa nimeona siku zangu kwa miezi mitano.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda iliniambia ni uchovu wa zamu za usiku. Nikapewa vitamini. Miezi minane ilipita kabla ya daktari mwingine kuagiza kipimo kimoja cha damu kilichoeleza yote: hedhi yangu ilikuwa imekoma mapema, na jasho lile lilitokana na hilo. Tangu hapo wanawake wamekuwa wakinifuata kwenye korido, kanisani, hata msibani, wakiuliza kwa sauti ya chini. Haya ndiyo wanayouliza.

Nina miaka 36. Kukoma hedhi si mambo ya kina nyanya?

Wengi wetu hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Ila takriban mwanamke 1 kati ya 100 hufikwa na jambo hili kabla ya miaka 40, na hesabu za miaka ya karibuni zinaonyesha huenda ni 3 au zaidi. Kati ya miaka 40 na 45 ni kama 5 kati ya 100. Kwa hiyo katika chama cha akina mama 30, si ajabu akawemo mmoja ambaye hajasema.

Kabla ya miaka 40 madaktari huliita tatizo hili udhaifu wa ovari. Ovari zimeacha kutoa mayai kwa mpangilio, na homoni ya estrojeni imeshuka. Kwa wanawake wengi sababu haijulikani, na hili huwatesa sana, kwa kuwa mtu hutafuta kosa alilofanya. Sababu zinazojulikana ni upasuaji wa kuondoa ovari, dawa na mionzi ya kutibu saratani, kasoro katika kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi), na magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, yale ya tezi ya shingo yakiwemo. Mengine hurithiwa, ndiyo maana nitakwambia baadaye umuulize mama yako. Wapo watakaokwambia ni laana, au ni ule uzazi wa mpango uliotumia ukiwa chuoni. Dawa za kupanga uzazi hazimalizi mayai.

Nitajuaje si mimba, au msongo wa mawazo, au sindano ya kupanga uzazi?

Kwa kupima. Mimba ndiyo hupimwa kwanza, hata kama una uhakika. Sindano ya miezi mitatu inaweza kuzuia hedhi muda mrefu, hata baada ya kuiacha, kwa hiyo mwambie daktari tarehe ya sindano ya mwisho. Msongo mkubwa wa mawazo, kukonda sana, na ugonjwa wa tezi ya shingo pia husimamisha hedhi, na hayo yote yana tiba yake.

Kipimo chenyewe ni cha homoni iitwayo FSH. Ubongo huitoa kuziamsha ovari. Ovari zisipoitika, ubongo huzidi kupiga kelele, na kiwango cha FSH hupanda. Mwanamke aliye chini ya miaka 40, ambaye hedhi yake imepotea au imevurugika kwa miezi minne au zaidi, na FSH yake imevuka 25 (kwa kipimo cha IU/L), anastahili kuambiwa wazi kwamba ovari zake zimedhoofika. Majibu yakiwa na utata, kipimo hurudiwa baada ya wiki nne hadi sita. Ukiwa bado unameza vidonge vya kupanga uzazi kipimo hiki kinaweza kudanganya, basi usikae kimya juu ya vidonge hivyo.

Nikifika mbele ya daktari nianzie wapi? Mimi hubabaika.

Hili nitalijibu kwa urefu, kwani hapa ndipo wengi tunapopotezea miezi.

Katika hospitali ya umma unaweza kukaa kwenye benchi tangu alfajiri, kisha ukapata dakika kumi na daktari. Dakika hizo zikianza na "naumwa tu mwili", zitaishia kwenye dawa za maumivu. Nunua daftari dogo. Andika tarehe za hedhi zako za mwisho, hata ukikisia. Andika mambo matatu yanayokusumbua kuliko mengine, na uyaandike jinsi yanavyokufanyia: "Naamka mara nne usiku kubadilisha shuka" humfikia daktari upesi kuliko "silali vizuri". Andika dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo. Kama unatibiwa kifua kikuu, lisisitize, maana rifampisini hupunguza nguvu ya homoni mwilini. Kisha mpigie mama au shangazi simu, umuulize alikoma akiwa na umri gani. Najua si swali rahisi kumuuliza mama. Mimi nilimuuliza wangu tukichambua kunde, macho yote yakiwa kwenye ungo, na ndipo nikajua dada yake alikoma akiwa na miaka 39 na hakuwahi kuambiwa kwa nini.

Ukiingia, anza na jambo lenyewe: "Daktari, nina miaka 36. Sijaona siku zangu kwa miezi mitano, na sina mimba. Naomba nipimwe FSH na tezi ya shingo." Hapo hujamkosea heshima. Umemrahisishia kazi.

Akisema wewe bado mdogo kwa mambo hayo, mwambie kwa upole: "Ndiyo sababu nina wasiwasi, daktari. Naomba uandike kwenye faili kwamba niliomba kipimo." Nimekaa upande wa pili wa meza ile miaka mingi, na nimeona jinsi ombi la kuandikwa linavyobadilisha mazungumzo. Ikishindikana, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.

Majibu yakitoka, omba nakala yenye tarakimu, usikubali kuambiwa tu "iko juu kidogo". Ukiweza, nenda na mtu. Siku ya kupewa habari ile masikio huziba: mimi nilisikia neno moja tu, na mengine yote niliyasoma baadaye kwenye mwandiko wa dada yangu. Uliza pia ni vipimo na dawa zipi zinagharamiwa na SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na zipi utalipa mwenyewe, ili usianze dawa utakayoshindwa kuinunua mwezi wa pili.

Nimepewa homoni, lakini naogopa saratani. Si bora nivumilie?

Hapana, mama. Kwa mwanamke wa miaka 36 kuvumilia kuna gharama yake, na gharama hiyo haionekani leo. Estrojeni hulinda mifupa na mishipa ya moyo. Ukikaa bila hiyo miaka kumi na tano kabla ya wenzako, uwezekano wa mifupa kuwa dhaifu na wa kupata ugonjwa wa moyo huongezeka, hata kama lile jasho limeshatulia lenyewe.

Hofu hii ina historia. Mwaka 2002, huko Marekani, utafiti mkubwa wa homoni ulisitishwa upande mmoja baada ya kuonekana ongezeko dogo la saratani ya matiti kwa waliotumia homoni mbili pamoja. Habari ikazunguka dunia nzima. Jambo ambalo halikuzunguka ni kwamba wanawake wale walikuwa na miaka 50 hadi 79, na wastani wao ulikuwa 63. Walikuwa wakiongezewa homoni katika umri ambao mwili ungekuwa umeziacha. Wewe unarudishiwa kile ambacho jirani yako wa umri wako bado anatengenezewa na ovari zake. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa walio chini ya miaka 45 ni kutumia homoni hadi karibu miaka 50, isipokuwa kama kuna sababu maalumu ya kuzuia. Usitoke chumbani mwa daktari kabla jambo hili halijazungumzwa.

Ukiwa bado na mfuko wa uzazi, lazima estrojeni iandamane na projesteroni, homoni nyingine ya ovari, kwa kuwa estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani na inaweza kuleta saratani hapo. Homoni za kubandika au kupaka kwenye ngozi zina hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko za kumeza, hivyo ziulizie kama una shinikizo la damu au uliwahi kupata damu iliyoganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, usingoje siku ya kliniki.

Mimi nilitibiwa saratani ya matiti, na hedhi ikakomea hapo.

Basi yale niliyoyasema juu ya homoni hayakuhusu moja kwa moja, na usikubali kuazimwa dawa na rafiki. Kwa kawaida homoni hizi huepukwa baada ya saratani ya matiti. Zipo dawa zisizo homoni za kupunguza lile joto la ghafla na jasho, nyingine za jamii ya dawa za sonona kwa kipimo kidogo, lakini baadhi yake hugongana na tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. Uamuzi huo ufanywe na daktari wako wa saratani.

Bado naweza kuzaa?

Swali hili huulizwa mwisho, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

Udhaifu wa ovari si sawa na ovari zilizokufa. Wakati mwingine huamka na kutoa yai bila kutangaza. Kati ya wanawake 100 wenye hali hii, 5 hadi 10 hushika mimba wenyewe. Uwezekano huo ni mdogo na hakuna dawa iliyothibitishwa kuuongeza, kwa hiyo ukiuziwa chupa ya "kufufua mayai" mtaani, weka pesa yako mfukoni. Kwa upande mwingine, kama hutaki mimba, jua kwamba homoni za kurudishia hazizuii mimba. Mwambie daktari, kwani vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kufanya kazi zote mbili.

Mfuko wa uzazi haujazeeka. Unaweza kubeba mimba ya yai la mwanamke mwingine lililorutubishwa maabara, na huduma hiyo ipo hapa Nairobi, ingawa ni ghali. Kuasili mtoto nako kuna utaratibu wake katika Sheria ya Watoto ya 2022. Lakini usisukumwe na mtu kuchagua leo. Kwanza lia. Huu ni msiba usio na matanga: hakuna anayekuja na sufuria ya chai kukaa nawe, na Jumatatu unatakiwa kazini kama kawaida. Ukiona huzuni haikuachi, huli, au umeanza kufikiria kujidhuru, huo nao ni ugonjwa wa kumweleza daktari, siku hiyo hiyo.

Mume nimwambieje? Na mama mkwe?

Mume anastahili kusikia kutoka kwako, na ikiwezekana kutoka kwa daktari pia, mkiwa wawili. Wanaume wengi wakiona mke anasogea pembeni kitandani hudhani hawatakiwi. Mwambie wazi kwamba ni ukavu wa ukeni unaoletwa na hali hii, unauma, na una tiba. Mama mkwe si lazima ajue yote. Mama mmoja wa Kayole, aliyekuwa akiulizwa na mama mkwe mtoto atakuja lini, alimwambia, "Mama, daktari anatushughulikia, tuombee," na mumewe akaongezea, "Na swali hilo sasa uniulize mimi." Yeye kusema vile kulimsaidia mkewe kuliko vidonge vya mwezi huo.

Huo ukavu unatibiwaje?

Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni husaidia sana, pamoja na vilainishi vya maji wakati wa tendo. Mafuta ya mgando yasitumike pamoja na kondomu kwani huiharibu. Kujifukiza na kujisafisha ndani kwa dawa au ndimu achana nako kabisa. Ngozi hiyo sasa ni nyembamba, itachubuka.

Nile nini kwa ajili ya mifupa?

Lenga kama miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa au mala kina karibu 300. Omena waliwe na mifupa yao. Sukuma wiki ina kalsiamu ambayo mwili huichukua vizuri, kuliko ile ya spinachi. Jua husaidia mwili kutengeneza vitamini D, na anayejifunika mwili mzima amuulize daktari kama anahitaji nyongeza. Tembea kwa kasi, panda ngazi, beba vitu vyenye uzito. Sigara iache, maana huongeza udhaifu wa mifupa na kuharakisha ovari kuchoka. Omba pia kipimo cha uimara wa mifupa mwanzoni mwa matibabu.

Nikishaanza dawa nirudi lini?

Baada ya kama miezi mitatu, kuona kama kiwango kinakutosha, kisha kila mwaka. Mimi dawa ya kwanza ilinipa kichefuchefu, tukabadilisha ya kubandika, na wiki ya nne nikalala hadi kengele ya simu iliponiamsha. Rudi mapema ukitokwa na damu usiyoitarajia, au duka la dawa likikosa dawa yako na kukupa nyingine. Kila mwaka upimwe shinikizo la damu, na utaje jambo lolote jipya, hata kusahau majina ya watu. Lile daftari uje nalo.