Mtangazaji Mkongwe Anapoondolewa Kwenye Zamu

Mwezi uliopita, barazani kwa jirani yangu hapa Ujiji, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo sisi wa kazi hii hatupendi kuulizwa. Tulikuwa tunasubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Huku kwetu magharibi jua huchelewa kuzama nyuma ya milima ya Kongo, kwa hiyo mtu hutoka ziwani, akaoga, akala, na habari humkuta ndiyo kwanza ametulia. Picha ilipofunguka, msomaji alikuwa kijana ambaye mzee hamjui. "Mwalimu," akaniambia, "yule mama wa siku zote amekwenda wapi? Mbona hatukuagwa?" Nilimjibu kwamba ratiba imebadilika. Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikumtosha, na alikuwa na haki ya kutotosheka.

Nilikuwa mtayarishaji wa habari za runinga kwa miaka kumi na minane, mingi kati ya hiyo nikiwa kwenye chumba cha kuongozea matangazo, yule mtu anayezungumza sikioni mwa msomaji wakati ninyi mnamwona ametulia. Sasa nafundisha watangazaji wa redio hapa Kigoma. Kwa hiyo naomba nimjibu mzee kwa kirefu.

Taarifa ya habari ya usiku huandikwa, huhaririwa na kupimwa kwa sekunde kabla msomaji hajaketi. Chaneli ya habari ya saa 24 haiko hivyo. Kila saa ina mzunguko wake: vichwa vya habari, habari kubwa, mahojiano, muhtasari wa nusu saa, michezo, hali ya hewa, kisha gurudumu linaanza upya. Mtangazaji hukaa kitini kwa saa kadhaa mfululizo, na jambo kubwa likitokea, mzunguko wote unavunjwa na anabaki na kamera, mwandishi aliye kwenye simu, na yale aliyonayo kichwani. Hapo ndipo miaka yake kazini inapoonekana.

Nitatoa mfano mmoja ambao sijausahau. Alasiri ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na gati la kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora. Sisi tulikuwa Dar es Salaam, na maandishi tuliyoyaandika kwa haraka yalitosha dakika mbili tu. Nilimwambia msomaji wetu sikioni, "Dada, maandishi yameisha, mwandishi yuko kwenye simu, nahitaji dakika sita." Hakutingisha hata kope. Swali lake la kwanza kwa mwandishi lilikuwa kama chombo kimezama chote au bado kinaelea tumbo juu. Mwandishi akasema kinaelea. Akauliza tena: je, kuna yeyote aliyejaribu kukata bati lake?

Mimi sikuelewa anakokwenda. Yeye akawageukia watazamaji na kuwakumbusha MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ambayo nayo ilipinduka ikabaki ikielea karibu na Mwanza huku baadhi ya abiria wakiwa bado hai ndani. Ilipotobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa imewashikilia ikatoka, na meli ikazama. Mwaka ule alikuwa msomaji wa redio, na habari ile aliisoma kwa siku nyingi. Usiku ule wa 2018 alikataa kutaja idadi yoyote ya vifo mpaka kiongozi wa serikali aitaje mwenyewe, na alisema wazi kwamba ndani ya kivuko huenda kukawa na mtu anayepumua. Siku mbili baadaye, fundi wa injini alitolewa mle ndani akiwa hai.

Hakuna mhariri aliyemwandikia maswali yale. Hata kama ningekuwa na nusu saa ya kujiandaa, mimi nisingeyaandika, kwa sababu mwaka 1996 nilikuwa mtoto wa shule.

Baada ya muda aliondolewa kwenye ratiba kwa barua ya ukurasa mmoja, na watazamaji hawakuambiwa neno.

Sababu za mabadiliko kama haya zinajulikana, na nyingi si za hila. Kubwa ni fedha. Watazamaji wanahamia kwenye simu, matangazo ya biashara yanawafuata, na chaneli inayowaka usiku na mchana inagharimu hata saa ambazo watazamaji ni wachache. Mwezi Aprili 2023 BBC iliunganisha chaneli yake ya habari ya ndani ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1997, na ile ya kimataifa, na saa za chaneli hiyo moja zikagawanywa kati ya London, Washington na Singapore. Chaneli mbili zikiwa moja, viti vinapungua, na wenye miaka mingi ndio wanaojikuta wanagombea tena nafasi walizozoea kukalia.

Mwezi Januari 2025 CNN ya Marekani ilitangaza kupunguza ajira zipatazo 200 huku ikielekeza nguvu kwenye mtandao, na wakati huohuo ikapanga upya saa zake. Wolf Blitzer, aliyejiunga na kituo hicho mwaka 1990, alihamishwa kutoka jioni kwenda asubuhi pamoja na kipindi chake cha tangu 2005. Mtangazaji mwenzake, Jim Acosta, alipendekezewa saa sita usiku, akaamua kuondoka, na akaaga hewani. Hapa kuna jambo la kitaalamu ambalo sisi wenye saa moja ya nchi nzima hatulioni upesi: saa sita usiku ya Washington ni saa tatu usiku ya Los Angeles. Mpangaji wa ratiba anaweza kusema kwa dhati kwamba hajamshusha mtu, amemhamishia kwa watazamaji wengine. Kwetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma, saa sita usiku ni saa sita usiku tu, na mtu aliyepelekwa huko anajua alichoambiwa.

Kay Burley alikuwa mtangazaji wa Sky News ya Uingereza tangu kituo hicho kilipoanza Februari 1989, na Februari 2025, baada ya miaka 36, aliwaambia watazamaji mwenyewe, hewani, kwamba anaondoka. Hilo ndilo ninalolidai. Watazamaji wa Kiswahili nao hukizoea kipindi kupitia sura: Dira ya Dunia, taarifa ya habari ya BBC kwa Kiswahili, ilipoanza kwenye runinga mwaka 2012, wengi tuliijua kwa uso na sauti ya Salim Kikeke, na alipoondoka BBC mwaka 2023 watu waliuliza kama huyu mzee alivyoniuliza mimi.

Sisemi viti viwe vya maisha. Nimefanya kazi na wakongwe walioacha kusoma magazeti, wakategemea sauti nzuri, na vijana waliowapokea walikuwa bora tangu siku ya kwanza. Lakini mkongwe anayejiandaa asitolewe usiku mmoja. Akae zamu moja na mrithi wake kwa miezi miwili au mitatu, wabishane juu ya matamshi, amwonyeshe simu za watu anaowapigia mambo yakiharibika, kisha aage.

Darasani kwangu kila mwanafunzi ana daftari la tarehe, majina ya vyombo vya majini na vijiji vya mwambao. Juma lililopita nilimwomba mzee wa barazani aje. Aliketi mbele yao akawatajia vituo vya MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kutoka hapa kwenda kusini: Lagosa, Kalya, Karema, Kipili, Kasanga. Kijana mmoja alirudia orodha akavusha Kipili. Mzee akamwambia, "Rudi nyuma mwanangu, hapo umewaacha watu bandarini," naye akaanza upya kutoka Lagosa.