Goti Linauma, Lakini Nitaanza na Paja

Mtu akiniambia goti humuuma zaidi akishuka ngazi kuliko akipanda, mimi huangalia paja kwanza. Hapa Nairobi malalamiko haya hayaishi. Kuna ghorofa za Pipeline zisizo na lifti, kuna madaraja ya wapita njia pale Barabara ya Thika, na kuna kiti cha nyuma cha matatu ambapo goti hubaki limekunjwa foleni nzima. Wengi huja wameshaambiwa "mafuta ya goti yamekwisha". Hayajaisha, na zile chupa zinazouzwa ndani ya matatu haziongezi chochote humo.

Pia ya goti ni kile kifupa cha mviringo unachoweza kukisukuma huku na huku mguu ukiwa umelegea. Imeshikwa na kano ya misuli minne ya mbele ya paja, na ukikunja goti huteleza ndani ya mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Hufanya kazi kama kapi ya kisimani: huipa misuli nguvu zaidi ya kunyoosha mguu. Ukishuka ngazi, hukandamizwa kwa nguvu inayofikia takriban mara tatu ya uzito wako, na ukichuchumaa kabisa, zaidi ya hapo.

Wakati wa kushuka, misuli hiyo ndiyo breki. Ikilegea, mwili hudondoka kila hatua na kishindo huishia kwenye kiungo. Misuli ya makalio nayo ikiwa dhaifu, paja hugeuka kwa ndani, na pia ya goti husugua ukingo wa nje wa mfereji wake. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni, haina neva wala mishipa ya damu, kwa hiyo huchakaa kimyakimya na haijirudishi kirahisi. Unapoanza kuhisi uchungu, mara nyingi ni mfupa ulio chini yake au utando wa kiungo unaolalamika.

Halafu kuna mtego. Goti likivimba, hata kidogo, neva hupunguza amri zinazokwenda kwenye misuli ya paja. Namwambia mgonjwa akaze mapaja yote mawili akiwa amelala: upande usiouma, msuli wa ndani, juu kidogo ya goti, huinuka kama donge, upande mwingine hutetemeka tu. Mtu huyo akishauriwa "pumzisha mguu" kwa miezi, anazidi kudhoofika.

Picha za eksirei nazo. Wengi huniletea ya mbele peke yake, na hiyo haionyeshi vizuri kiungo cha pia ya goti, kwa sababu kifupa chenyewe kimekaa mbele ya mfupa wa paja. Omba ya ubavuni, na ile inayopigwa goti likiwa limekunjwa. Kwenye ya ubavuni napima urefu wa kano iliyo chini ya kifupa dhidi ya urefu wa kifupa chenyewe. Kwa kawaida hukaribiana. Kano ikizidi mara 1.2, pia ya goti imekaa juu mno. Huchelewa kuingia mferejini, na mzigo wote hubebwa na sehemu ndogo ya gegedu. Hakuna zoezi la kuishusha, sitakudanganya. Lakini hata hapo, paja lenye nguvu hupunguza maumivu.

Kwa hiyo: viringisha leso (kanga), iweke chini ya goti, ibonyeze kwa goti kwa sekunde 5, achia, rudia mara 10. Ukizoea, kaa kitini usimame bila kutumia mikono, kisha urudi kukaa polepole. Huko kurudi ndiko kwenye faida. Usikimbilie kuchuchumaa hadi chini. Uchungu kidogo si kosa mradi umetulia kesho yake asubuhi. Tegemea wiki 6 hadi 12, na usisahau makalio.

Goti likivimba ghafla na kuwa moto, likikwama katikati ya hatua, au kifupa kikihama kabisa, acha mazoezi haya uende ukaonwe na daktari kwanza.