Jina unaloliona kwenye fomu silo lililohifadhiwa

Hizi ni dhana potofu kuhusu fomu za Microsoft Access, programu ya hifadhidata.

Dhana: Ili simu ya mteja ionekane kwenye fomu ya oda, lazima inakiliwe kwenye jedwali la oda.

Hapana, na naomba tuache tabia hii kabisa. Kumhusu mteja, jedwali la oda linahitaji namba yake ya utambulisho tu. Jina, simu na anwani vinakaa kwenye jedwali la wateja, na fomu huvichukua huko kila inapofunguliwa. Ukinakili, siku mteja akibadilisha simu utabaki na oda zenye namba mbili tofauti za simu za mtu mmoja, na hakuna atakayejua ipi bado inapatikana.

Bei ni jambo jingine. Bei ya siku ya mauzo inakiliwe kwenye oda, kwa sababu bidhaa ikipanda kesho, ankara ya jana haipaswi kubadilika.

Dhana: Orodha kunjuzi (combo box) ikionyesha jina, basi jina ndilo lililohifadhiwa.

Katika Microsoft Access, kwa kawaida orodha hiyo huwa na safu kadhaa, na ile ya namba ya mteja hupewa upana wa 0. Haionekani, lakini ndiyo inayohifadhiwa. Ndiyo maana ukitafuta jina kwenye uga huo wa jedwali la oda kwa hoja (query, yaani ombi la kuchuja au kuunganisha data), Access hulalamika kwamba aina za data hazilingani.

Dhana: Kuonyesha simu kando ya jina kunahitaji kuandika programu.

Mstari mmoja unatosha. Ikiwa orodha yako inaitwa Mteja na ina namba, jina na simu, weka kisanduku cha maandishi pembeni, kisha kwenye chanzo chake (Control Source) andika:

=[Mteja].Column(2)

Hapa wengi hukwama. Column huhesabu kuanzia 0, kwa hiyo 2 ni safu ya tatu, ilhali Bound Column, inayotaja safu ya kuhifadhiwa, huhesabu kuanzia 1. Hakikisha pia idadi ya safu za orodha (Column Count) imewekwa 3, la sivyo kisanduku kitabaki kitupu.

DLookup, amri ya kutafuta thamani moja kwenye jedwali, nayo inafanya kazi, ila kwenye fomu yenye rekodi nyingi hutafuta upya kwa kila mstari, na fomu inakuwa nzito.

Dhana: Ukiunganisha majedwali mawili kwenye hoja, kazi imekwisha.

Muungano wa kawaida huacha nje oda zisizo na mteja, na mtumiaji hudhani zimefutwa. Tumia LEFT JOIN, muungano unaobakiza rekodi zote za jedwali la kwanza, ukianza na jedwali la oda, nazo zitaonekana zote.

Hatari kubwa zaidi ni ya kimyakimya. Jina likitoka kwenye hoja ya namna hii, mara nyingi linaweza kuhaririwa palepale kwenye fomu. Karani anayetaka kuhamishia oda kwa mteja mwingine akifuta jina na kuandika jipya, oda haihami: amembadilisha jina mteja mwenyewe, na oda zake zote za nyuma zitaonyesha jina hilo. Funga visanduku hivyo kwa kuweka Locked kuwa Yes, uache orodha kunjuzi pekee ndiyo ibadilishwe.