Mwanajeshi Mgeni Akikosea, Ahukumiwe Wapi? Tuusome Mkataba wa Ulinzi wa Kenya na Uingereza

Swali tunaloulizwa mara nyingi zaidi, sisi tunaofundisha sheria za kijeshi na uhusiano wa mataifa, halihusu silaha wala fedha. Watu wa Laikipia na Samburu huuliza jambo la nyumbani kabisa: gari la jeshi la Uingereza likimgonga ng'ombe wangu, nakwenda kwa nani? Kwa chifu, polisi, mahakamani, au pale getini kwao?

Tuanze na nani yuko wapi. Kikosi cha mafunzo cha Jeshi la Uingereza nchini Kenya, BATUK, makao yake makuu yako Nanyuki, katika kambi ya Nyati iliyofunguliwa 2021. Wanaokaa hapo mwaka mzima ni wachache, kama 200 hivi. Wengine huja kwa zamu za majuma kadhaa, hufanya mazoezi ya kivita kwenye ranchi za Laikipia na uwanja wa Archers Post kule Samburu, kisha hurudi kwao. Mjini Nanyuki huitwa "Johnny", wote kwa jina moja. Mji umezoea kuwaona, na biashara nyingi zinawategemea: maduka, teksi, vinyozi, baa.

Uhusiano huu una umri sawa na uhuru wenyewe. Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya ndani ya wiki moja. Dar es Salaam ilikuwa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Uganda ilikuwa Jinja. Kenya ilikuwa Lanet, karibu na Nakuru. Serikali zote tatu ziliwaita Waingereza kuzima maasi hayo. Kilichofuata ndicho cha kukitazama. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile na kuunda jipya, JWTZ, lililozaliwa Septemba 1 mwaka huohuo. Mzee Kenyatta alishika njia nyingine: alilibakiza jeshi lake, na mwaka huohuo akakubaliana na London kwamba wanajeshi wa Uingereza waendelee kuja kufanya mazoezi Kenya, nao Waingereza wasaidie kuwafundisha Wakenya. Naona kijana wa leo anayeuliza "hawa walikujaje?" anastahili kuelezwa hilo kabla ya kuonyeshwa mkataba wowote.

Mkataba wa sasa umejengwa juu ya ule wa 2015, ulioweka bayana mambo ambayo kabla yake yalikuwa yakiendeshwa kwa makubaliano ya faragha zaidi. Ulihuishwa London Julai 27, 2021, waliotia saini wakiwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya wakati ule, Monica Juma, na mwenzake Ben Wallace. Kenya hupata mafunzo, hasa ya kukabili mabomu ya kutegwa, ujuzi uliohitajika sana tangu jeshi la Kenya, KDF, lilipoingia Somalia Oktoba 2011. Uingereza nayo hupata nyika pana, joto na milima, mazingira ambayo kwao hayapatikani kwa pamoja. Hakuna anayemfadhili mwenzake hapo. Ni biashara ya pande mbili, na ni vizuri kuisema hivyo.

Sasa tufike kwenye kifungu chenyewe. Mikataba ya aina hii hugawa mamlaka ya kuhukumu kwa kuuliza: mwanajeshi huyo alikuwa kazini au nje ya kazi? Akiwa kazini, nchi yake ndiyo yenye haki ya kwanza kumshtaki. Akiwa nje ya kazi, nchi mwenyeji ndiyo yenye haki hiyo. Dereva wa lori la jeshi akimgonga mwendesha boda boda akiwa njiani kupeleka risasi Archers Post, huyo yuko kazini. Dereva yuleyule, Jumamosi usiku, akipigana baa na kumvunja mtu taya, hayuko kazini, na kwa maandishi ni wetu. Kati ya hao wawili kuna eneo pana la utata. Katika mikataba mingi ya namna hii, mwenye kueleza kama askari alikuwa kazini ni kamanda wake mwenyewe. Na hata pale haki ya kwanza ni yetu, mtuhumiwa akishapanda ndege, haki hiyo hubaki kwenye karatasi mpaka arudishwe.

Nanyuki inalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2012 mwanamke wa miaka 21, mama wa mtoto mchanga, alionekana mara ya mwisho hotelini akiwa na wanajeshi wa Uingereza. Mwili wake ulipatikana baadaye kwenye tangi la majitaka la hoteli hiyo. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo chake aliamua kwamba aliuawa, na kwamba wauaji walikuwa wanajeshi wa Uingereza. Ilichukua hadi Septemba 2025 ndipo Mahakama Kuu Nairobi ikatoa hati ya kukamatwa kwa raia mmoja wa Uingereza. Tangu mwili upatikane hadi hati hiyo itoke ni miaka 13. Mtoto aliyeachwa amekua akisubiri.

Kesi hiyo ndiyo iliyobadili mjadala bungeni. Mkataba wa 2021 ulipoletwa kwa ajili ya kuridhiwa, wabunge waliupitisha Aprili 2023 wakiwa na sharti: mauaji yatajwe wazi kuwa kosa ambalo mwanajeshi mgeni anaweza kushtakiwa kwalo hapa Kenya. Hapa wengi huteleza. Mkataba wa nchi mbili haurekebishwi na bunge moja kama muswada wa kawaida. Bunge huweka masharti ya kuridhia, na upande wa pili lazima ukubali ndipo maneno hayo yawe sehemu ya mkataba. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba "wabunge wamebadilisha mkataba", uliza London imejibu nini.

Jambo la pili ni fidia, na hapo mfano ni moto wa Lolldaiga. Machi 2021, wakati wa mazoezi, moto ulizuka kwenye hifadhi hiyo ya Laikipia ukateketeza maelfu ya ekari. Wenyeji walikwenda mahakamani wakilalamikia moshi, mifugo iliyokufa, mali iliyoungua. Upande wa Uingereza ulidai kinga, yaani kwamba hauwezi kushtakiwa katika mahakama za Kenya. Machi 2022 mahakama ya mazingira na ardhi ya Nanyuki ilikataa hoja hiyo, na madai yakaendelea kupitia kamati ya pamoja ya serikali mbili ambayo mkataba wenyewe umeiweka kwa shughuli hiyo. Agosti 2025 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa walalamikaji 7,723. Chukua kalamu ugawanye: ni takriban pauni 375 kwa mtu, kabla ya kutazama nani alipoteza nini. Kwa bei za minada ya Laikipia, fedha hiyo haimfikishi mfugaji mbali, na walalamikaji wengi hawakuridhika. Hata hivyo, kwa mwanasheria, uamuzi wa Machi 2022 ni mkubwa kuliko hundi: kinga si ukuta usio na mlango.

Madai haya hayakuanza na Lolldaiga. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa mamilioni ya pauni kwa Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200 waliojeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi bila kulipuka. Wengi walikuwa watoto wachungaji. Mtoto anaona chuma kinang'aa kwenye majani, anakiokota, anakigonga kwa jiwe. (Kama unaishi karibu na uwanja wa mazoezi: usiguse, weka alama mbali na kitu hicho, mwite polisi. Hili nalisema kila nipatapo nafasi.)

Ukosoaji wa sasa una vyanzo viwili. Kamati ya Bunge la Kitaifa inayoshughulikia ulinzi na mahusiano ya kigeni ilisikiliza wakazi na mwishoni mwa 2025 ikatoa ripoti kali kuhusu unyanyasaji wa kingono, watoto waliotelekezwa na baba askari, na uharibifu wa mazingira. BATUK haikufika mbele ya kamati hiyo kutoa ushahidi. Upande wa pili, Jeshi la Uingereza lenyewe lilifanya uchunguzi na Agosti 2025 likakiri kwamba baadhi ya askari wake waliendelea kununua ngono Kenya hata baada ya kukatazwa rasmi 2022. Ukiwa na ushahidi kutoka pande zote mbili, kusema ni uvumi wa wanaharakati hakusimami tena.

Wakati huohuo mahusiano yanazidi kukua. Julai 2025 Rais Ruto na Waziri Mkuu Starmer walikubaliana ushirikiano mpya wa hadi 2030. Kenya ilishatia saini mkataba wa ulinzi na Marekani Septemba 2023, na Juni 2024 ikatajwa mshirika mkuu wa Marekani nje ya muungano wa kijeshi wa NATO, ya kwanza kusini mwa Sahara. Maswali ya Nanyuki, basi, yatakuja na bendera nyingine pia.

Ulinzi wa kisheria upo. Ibara ya 240 ya Katiba inataka idhini ya Bunge kabla majeshi ya kigeni hayajapangwa nchini. Ibara ya 2(6) inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya, na sheria ya 2012 kuhusu mikataba inataka umma ushirikishwe kabla ya kuridhia. Tangazo la kukaribisha maoni likitoka gazetini, omba nakala ya mkataba, nenda moja kwa moja kwenye vifungu vya mamlaka ya kuhukumu na vya madai, na uandike ukitaja namba ya kifungu. Karani wa Bunge hupokea maoni kwa Kiswahili pia. Ni lugha rasmi, Ibara ya 7.