Kovu juu ya chuma likitoa maji, usisubiri likauke

Nina bamba la chuma na skrubu mguuni. Nasikia siku hizi vyuma hupimwa kwa mawimbi ya maikrowevu?
Watafiti wanalifanyia kazi. Chuma huyarudisha mawimbi hayo, na namna yanavyorudi huweza kubadilika mfupa unapounga au skrubu inapolegea. Uzuri wake ni kwamba hayana mionzi kama ya eksirei. Lakini hospitalini bado tunaanza na eksirei: humo bamba lililovunjika huonekana, na skrubu iliyolegea mara nyingi huzungukwa na mstari mweusi. Tafadhali usikae nyumbani ukingoja mashine mpya huku kovu linavuja.

Linavuja kidogo tu, wala siumwi. Nisubiri?
Hapana. Wagonjwa wengi hunijia na kipande cha pamba kilichogandia kwenye kitundu kidogo kama kichwa cha kiberiti. Wamekuwa wakibadilisha pamba hiyo kwa miezi. “Ni uchafu tu unatoka.” Hapana, ndugu yangu. Kovu lililokwisha kupona halitoi uchafu. Kitundu kile huenda kinafika mpaka kwenye chuma.

Nilinunua antibiotiki, likakauka.
Limefunga mlango tu, mwenye nyumba yumo ndani. Bakteria hung’ang’ania chuma na kujifunika utando ambao dawa hupenya kwa shida. Tena vidonge hivyo vinaweza kutuficha bakteria tunapochukua sampuli ya kuotesha maabara. Usimeze antibiotiki yoyote kabla hujaonwa. Narudia: usimeze, njoo.

Halitoi kitu, ila maumivu yamerudi.
Maumivu yaliyokwisha, kisha yakarudi ukikanyaga, si baridi wala uzee. Chuma kinaweza kuwa kimelegea, au mfupa haujaunga. Njoo upigwe eksirei. Ukiwa na homa, au mguu umevimba na una moto, njoo leo hii hii, usiku ukiingia njoo usiku.

Mashine ya joto ya mazoezi ya viungo je?
Kabla hajaiwasha, mwambie mhudumu una chuma. Zile za maikrowevu zinaweza kukusanya joto kandokando ya chuma na kuunguza nyama ya ndani, wakati ngozi inaonekana salama. Mwambie pia kabla ya kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kali, na ubebe karatasi ya upasuaji wako. Wengi huiacha kabatini, nasi tunabaki kukisia ni chuma gani kilichomo.